Pampu ya dawa ya kuazima: jinsi ya kuitumia na kuiosha bila kuharibu shamba wala afya

Mvua za mwezi wa tisa zikianza kunyesha Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, kazi ya shamba huanza kila upande kwa wakati mmoja. Watu wanapanda mahindi na maharage, na wenye bustani karibu na maji wanahamisha miche ya nyanya. Wiki chache baadaye inafika kazi ya kupiga dawa. Si kila nyumba ina pampu ya mgongoni, ile ambayo wengine huiita bomba la dawa. Kwa hiyo pampu moja inazunguka kijiji kizima, leo kwa mkimbizi, kesho kwa mwenyeji, keshokutwa kwa kikundi cha akina mama.

Kuazimana ni jambo jema, lakini pampu inayozunguka inabeba pia mabaki ya dawa iliyowekwa mara ya mwisho. Kama ilikuwa dawa ya magugu na wewe unaipeleka kwenye maharage, unaweza kupoteza mavuno ya msimu mzima kwa asubuhi moja. Kama inavuja, dawa inaingia mwilini mwako kupitia mgongo. Makala hii inaeleza mambo ya kufanya kabla ya kuibeba, wakati wa kupulizia, na kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe.

Uliza kwanza iliwekwa dawa gani

Kabla ya kuchukua pampu, muulize jirani: "Mara ya mwisho uliweka dawa gani humu?" Usiridhike na jibu la "dawa tu". Taka kujua kama ilikuwa ya wadudu, ya ukungu au ya magugu.

Dawa ya magugu ndiyo ya kuogopa zaidi. Zile zenye glaifoseti huua karibu kila mmea wa kijani zinaougusa. Zile zenye 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuacha mahindi, ndiyo maana wakulima wa mahindi wanazipenda. Lakini maharage, nyanya, karanga na mboga nyingi pia ni mimea ya majani mapana. 2,4-D hushika kwenye plastiki ya tenki, kwenye mpira na kwenye chujio, na kusuuza kwa maji mara moja hakuitoi. Kiasi kidogo sana kilichobaki kinatosha kudhuru nyanya.

Dalili zake ni hizi: majani yanajikunja, yanakuwa membamba kama vidole, na shina linajipinda. Wakulima wengi wakiona hivyo hudhani ni ugonjwa, wananunua dawa nyingine na kupulizia tena kwa pampu ileile. Shamba linazidi kuharibika na pesa zinapotea mara mbili.

Njia bora ni kuwa na pampu mbili. Kikundi cha akiba au cha wakulima kinaweza kuchangia pampu ya pili, kisha ile ya magugu ikapakwa rangi nyekundu ili hata mtu asiyesoma aitambue. Kama pampu ni moja tu, ioshe kama tutakavyoeleza chini, kisha ijaribu: weka maji matupu, pulizia mimea michache ya maharage pembeni ya shamba, na ungoje wiki moja. Majani yakijikunja, usiingie nayo shambani.

Ikague kwa maji matupu

Pampu ya lita 20 ikijaa, una kilo 20 za maji mgongoni bila kuhesabu uzito wa pampu yenyewe. Ikivuja, shati linaloana na dawa inakaa kwenye ngozi kwa saa nzima au zaidi. Kwa hiyo ijaze maji matupu, funga kifuniko, piga mpini, na utazame kifuniko, viungo vya mpira, na mkono wa kupulizia. Ukiona tone, kaza kiungo au badilisha pete ya mpira. Pete hizo ni za bei ndogo na zinapatikana kwa mafundi na maduka ya pembejeo. Pampu inayovuja isiwekwe dawa mpaka itengenezwe.

Tazama pia jinsi maji yanavyotoka kwenye tundu la kupulizia. Yanatakiwa yatoke kama ukungu uliosambaa sawasawa. Yakitoka kama mkojo wa mbuzi, tundu limeziba au limechakaa. Lizibue kwa maji na brashi laini au ujiti wa majani. Usitumie msumari, kwa sababu utalipanua, na usiliweke mdomoni kulipuliza.

Jua pampu yako inatumia maji kiasi gani

Watu wengi hukisia. Dawa ikiwa chache, wadudu hawafi na wanaanza kuizoea. Ikiwa nyingi, inaunguza mmea na inakula pesa yako. Kipimo chake ni rahisi:

1. Pima eneo la mita 10 kwa mita 10.
2. Weka lita 5 za maji matupu kwenye pampu.
3. Pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida.
4. Pima maji yaliyobaki.

Tuseme zimebaki lita 3. Basi umetumia lita 2 kwa mita za mraba 100. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047, kwa hiyo utahitaji takriban lita 80, yaani pampu 5 za lita 16 au pampu 4 za lita 20.

Sasa linganisha na dawa. Kama lebo inasema mililita 40 kwa lita 20 za maji, hiyo ni mililita 2 kwa kila lita, na pampu ya lita 16 inapokea mililita 32. Kama kipande chako ni mita 20 kwa 30, unahitaji lita 12 tu za maji na mililita 24 za dawa. Usijaze pampu yote. Dawa inayobaki ndiyo inayoleta matatizo.

Usipime kwa kifuniko cha chupa, kwa sababu vifuniko havilingani. Tumia kikombe chenye alama za mililita au bomba la sindano lisilo na sindano, na kisitumike tena kwa kazi nyingine yoyote.

Lebo usiyoweza kuisoma

Dawa nyingi zinazouzwa Uganda zina lebo ya Kiingereza, na wengi wetu tumesoma Kifaransa, Kirundi au Kinyarwanda, au hatukupata nafasi ya kusoma. Hilo lisikufanye ukisie. Mwombe muuzaji akuonyeshe kwa kidole mambo matatu: kipimo, mazao yanayofaa, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Halafu mwulize afisa wa kilimo au mhamasishaji wa shirika linalofanya kazi kijijini kwenu, ili uone kama majibu yanalingana.

Kuna alama usizohitaji kusoma. Utepe wa rangi chini ya lebo unaonyesha ukali: mwekundu ni hatari zaidi, unafuata wa njano, kisha wa bluu, na wa kijani una hatari ndogo. Lakini hata dawa ya kijani inataka tahadhari. Picha ndogo zinaonyesha glavu, buti, kifuniko cha uso, na kufungia dawa mbali na watoto. Nunua chupa iliyofungwa kiwandani. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haina lebo, na huwezi kujua ni nini.

Wakati wa kupulizia

Vaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu, buti na glavu za mpira. Suruali ikae juu ya buti, isiingizwe ndani, la sivyo matone yatateremka mpaka miguuni. Funika pua na mdomo, na ulinde macho. Kitambaa cha kawaida huzuia matone makubwa tu, na kikiloana kivue. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasifanye kazi hii na wasikae karibu.

Changanya nje, mahali penye hewa, mbali na kisima. Weka kwanza maji nusu ya kiasi unachohitaji, ongeza dawa iliyopimwa, kisha malizia maji. Dawa ya unga ikorogwe kwanza kwenye ndoo ndogo kwa kijiti. Tumia maji safi. Maji ya matope huziba tundu, na udongo hudhoofisha glaifoseti hata magugu yasife.

Pulizia asubuhi mapema au jioni, wakati hakuna upepo mkali wala dalili ya mvua. Tembea ili upepo upeleke dawa mbali nawe, na usipite kwenye majani uliyokwisha kuyalowanisha. Kwa viwavijeshi vamizi, wale walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, elekeza dawa ndani ya kikonyo cha hindi, yaani kwenye majani machanga yaliyojikunja katikati. Kiwavi anajificha humo, na dawa iliyopita juu ya majani haimpati. Mazao yakiwa na maua, ngoja jioni nyuki warudi mzingani, kwa maana mazao kama maboga yanawahitaji.

Usile, usivute sigara, wala usijifute uso kwa glavu. Weka maji na sabuni karibu kabla hujaanza.

Kuosha pampu hatua kwa hatua

Osha siku ileile, shambani, dawa ikiwa haijakauka.

1. Dawa iliyobaki kidogo imalizie kwenye mimea ileile. Usiilaze kwenye pampu mpaka kesho.
2. Weka lita 2 au 3 za maji safi, funga, tikisa, kisha pulizia maji hayo shambani mpaka yapite kwenye mpira na tundu. Rudia mpaka mara tatu.
3. Weka maji yenye sabuni ya unga, tikisa, pulizia. Kama ilikuwa dawa ya magugu, jaza maji ya sabuni mpaka juu na uyaache usiku kucha mahali watoto hawafiki.
4. Fungua tundu na machujio, uyaoshe kwa brashi ndani ya ndoo ya kazi hiyo.
5. Suuza tena mara mbili kwa maji safi.
6. Osha nje ya pampu na mikanda, kisha initundike kichwa chini, kifuniko wazi, ikauke kivulini.

Maji ya kuosha yamwagwe kwenye shamba ulilopulizia, kamwe si mtoni, kwenye kinamasi, wala karibu na bomba la kijiji. Nakivale, maji ya ziwa ndiyo yanayosafishwa na kurudi kwenye mabomba tunayotekea. Samaki nao hufa kwa kiasi kidogo sana cha dawa za wadudu.

Chupa tupu isuuze mara tatu wakati wa kuchanganya, maji yake yaingie kwenye pampu, kisha itoboe. Isiwekwe maziwa, mafuta, chumvi wala maji ya kunywa, hata ikionekana safi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si kwenye beseni la nguo za mtoto. Nawe oga kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto au kugusa chakula.

Mtu akidhurika

Dalili za sumu za dawa nyingi za wadudu ni kichwa kuuma, kizunguzungu, jasho jingi, mate kutoka, kutapika, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Usiseme ni uchovu wa jua. Mtoe shambani, mvue nguo zilizoloana, mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Dawa ikiingia machoni, yaoshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ikiwa amemeza, usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa. Aliyezimia alazwe kwa ubavu. Mpeleke kituo cha afya haraka, na ubebe chupa yenye lebo, kwa sababu mganga anahitaji kujua ni sumu gani. Usiogope kuulizwa uliinunua wapi.

Ukirudisha pampu, irudishe ikiwa imeoshwa, na umwambie mwenyewe wazi: "Niliweka dawa hii, nimeosha hivi." Na kama hukupata nafasi ya kuiosha vizuri, mwambie hilo pia. Anayefuata kuiazima anaweza kuwa na nyanya alizozimwagilia kwa ndoo kwa miezi miwili.