Demokrasia ya Ufipa na uzito wa Mkutano Mkuu wa kijiji

DEMOKRASIA kwa watu wengi ni siku moja ya kupanga foleni kituoni na kutumbukiza karatasi katika sanduku la kura. Kwa mkulima wa Uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, hata hivyo, uamuzi unaogusa shamba lake la mahindi au ulezi mara nyingi hupita kwanza katika mkutano wa kijiji chake, ambako yeye mwenyewe ana haki ya kusema na kupiga kura.

Ibara ya 21 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi, ama moja kwa moja au kwa kupitia wawakilishi waliochaguliwa na wananchi kwa hiari yao. Kauli hiyo inabeba aina mbili kuu za demokrasia.

Ya kwanza ni demokrasia ya moja kwa moja, ambapo wananchi huamua jambo wenyewe. Nchini Uswisi, wapiga kura wa majimbo ya Glarus na Appenzell Innerrhoden hadi leo hukusanyika uwanjani na kuamua kwa kunyoosha mikono. Kura ya maoni nayo ni ya aina hiyo. Julai 31, 2010, Wazanzibari waliulizwa iwapo wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na takriban theluthi mbili walikubali. Kura ya maoni kuhusu Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015, iliahirishwa na haikufanyika.

Ya pili ni demokrasia ya uwakilishi. Mkazi wa Sumbawanga, Nkasi au Kalambo humchagua diwani na mbunge ili wakamsemee katika vikao asivyoweza kuhudhuria.

Wataalamu huongeza aina ya tatu, demokrasia shirikishi, ambapo viongozi huamua baada ya wananchi kutoa maoni na kupanga vipaumbele vyao. Mfano wake nchini ni mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaowawezesha wanakijiji kuibua miradi yao.

Kijijini aina zote hizo hukutana. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi, na ndio wenye mamlaka ya juu kuhusu sera za kijiji. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ni mtendaji wake.

Uzito wa mkutano huo huonekana zaidi katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, Mkutano Mkuu ndio unaoridhia au kukataa iwapo eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo, Waziri huamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Hapo wananchi huteremka kutoka kuwa waamuzi na kuwa washauri.

Si jambo dogo katika uwanda ambao mgogoro wa shamba la Malonje, lililokuwa ranchi ya serikali, umedumu kwa miaka mingi kati ya wanavijiji na mwekezaji.

Uwakilishi nao una mipaka yake. Mgombea wa uenyekiti wa kijiji ni lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Mwaka 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa, vyama kadhaa vilisusia uchaguzi wa serikali za mitaa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Pale ambapo mgombea ni mmoja tu, mwananchi hubakiwa na nafasi finyu ya kumwajibisha kiongozi kwa kura.

Kwa sababu hiyo Mkutano Mkuu una thamani ya pekee, mradi watu wahudhurie. Mikutano inayoitishwa wakati wa mvua, wengi wakiwa mashambani, huwaachia wachache uamuzi wa wote. Aidha, mkutano hauna maana iwapo muhtasari wake utaandikwa na watu wawili ofisini.

Mwanakijiji anayetaka kuilinda haki yake hana budi kuijua ajenda mapema, kudai taarifa ya mapato na matumizi, na kutaka muhtasari wa mkutano uliopita usomwe hadharani kabla ya kuthibitishwa. Jambo likishaingia katika muhtasari kuwa limekubaliwa, kulipinga baadaye huwa ni safari ndefu ya mabaraza na mahakama.