Tumbo kubwa la mtoto wa mbwa si shibe

TANGU Warundi walipoanza kurejea kwa hiari kutoka kambi za Kigoma mwaka 2017, familia nyingi zimekuwa zikianza maisha upya: nyumba, shamba, kuku na mbuzi wawili watatu. Mlinzi wa mali hiyo mara nyingi ni mbwa. Mfanyabiashara wa Kobero au Mugina mwenye stoo ya mahindi naye hutaka mbwa wa kumlindia mzigo usiku.

Tatizo huanza siku ya kumchukua. Kati ya watoto watano, mnunuzi humwona mmoja mwenye tumbo lililojaa, akadhani huyo ndiye aliyeshiba. Lakini tumbo lililovimba wakati mbavu zinahesabika, manyoya yaliyofifia, kuhara na kutapika ni dalili za minyoo.

Wengi hujiuliza mtoto ambaye hajaanza hata kula ameipata wapi. Jibu ni kwa mama yake. Mabuu ya minyoo ya duara hujificha katika nyama ya mbwa jike kwa muda mrefu. Anapokaribia kuzaa huamka, hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa watoto wangali tumboni. Wengine huingia kupitia maziwa. Watoto wakifikisha wiki tatu hivi, minyoo yao imekomaa na kuanza kutaga mayai yanayotoka na kinyesi.

Safura nayo hupitia maziwa, na mabuu yake yaliyo kwenye udongo hupenya hata ngozi. Minyoo hii hunyonya damu. Inua mdomo wa mtoto wa mbwa utazame fizi: zikiwa nyeupe badala ya kuwa na rangi ya waridi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana anaweza kufa haraka.

Kwa hiyo usingoje tumbo livimbe. Dawa ya kwanza hutolewa watoto wakiwa na umri wa wiki 2, kisha wiki ya 4, ya 6 na ya 8. Baada ya hapo ni kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi mitatu. Mama anayenyonyesha apewe dawa pamoja na watoto wake. Dawa hurudiwa kwa sababu huua minyoo iliyo ndani ya utumbo, lakini mabuu yanayosafiri kwenye mapafu hubaki na kukomaa baadaye. Ukiona minyoo kama tambi kwenye kinyesi baada ya dawa, usishtuke. Dawa imefanya kazi.

Dawa zinazotumika sana ni piranteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, au fenbendazoli, miligramu 50 kwa kila kilo, kwa siku tatu mfululizo. Pima uzito kwanza, hata kwa mizani ya dukani. Usimkadirie mtoto wa mbwa dawa ya ng'ombe au mbuzi. Levamisoli na sindano ya ivermektini zikizidi kidogo tu zinaweza kumuua. Tegu lina dawa yake, prazikwanteli, na halitaisha kama viroboto havijaondolewa, kwani ndivyo vinavyolieneza.

Kinga ni usafi. Mayai ya minyoo ya duara yanahitaji wiki mbili au zaidi ardhini kabla ya kuweza kuambukiza. Ukizoa kinyesi kila siku na kukifukia mbali na uwanja, unakuwa umeyawahi. Ukiyaacha, hudumu udongoni kwa miaka. Mahali pa kulala pawe pakavu, na mbwa asipewe matumbo mabichi kutoka machinjioni.

Jambo hili si la mbwa peke yake. Mtoto anayecheza chini kisha akatia vidole mdomoni humeza mayai hayo. Mabuu huzunguka mwilini mwake na yanaweza kufika kwenye jicho na kumpofusha. Watoto wanawe mikono kwa sabuni na wavae viatu.

Kabla ya kutoa fedha yako, muulize muuzaji maswali mawili: watoto hawa walipewa dawa lini, na mama yao je? Akikosa jibu, hesabu bei ya dawa ndani ya bei ya mbwa, na umpitishe kwa daktari wa mifugo kabla hajaingia uwanjani wanakocheza watoto wako.