Pikipiki Ikifungwa Mnyororo Mjini, Soma Kabla ya Kutia Saini



Mavuno yakiisha, wengi wetu tunaingia Mpanda mjini. Wapo wanaotoka Majimoto na mpunga. Wapo wanaotoka Katumba na Mishamo na mahindi. Wengine wanatoka Sitalike, Inyonga au Karema. Tunakuja na pikipiki, guta au kirikuu. Tunaacha chombo karibu na soko, tunakwenda kuulizia bei.

Tuseme umerudi ukakuta gurudumu limefungwa mnyororo. Kijana aliyevaa kizibao cha njano amesimama pale. Anakuambia, "Mzee, umeegesha vibaya. Lipa elfu thelathini nikufungulie." Ufanyeje?

Kwanza, usigombane naye. Ukimsukuma au ukivunja kufuli, kesi itageuka. Wewe ndiwe utakayekuwa mshtakiwa. Msalimie, kisha muulize: Wewe ni nani? Umetumwa na nani?

Swali hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Akiwa polisi wa usalama barabarani, huyo ana sheria yake na karatasi zake, na habari yake ni nyingine. Anaweza pia kuwa mtumishi wa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. TARURA ilianzishwa mwaka 2017, na ushuru wa maegesho ya barabarani ni moja ya kazi zake. Mwisho, anaweza kuwa mtu wa kampuni binafsi. Hapa neno wakala linatuchanganya. TARURA inaitwa Wakala, lakini ni chombo cha Serikali. Kampuni nayo inaitwa wakala, lakini ni ya mtu binafsi aliyepewa kazi kwa mkataba. Dar es Salaam kwa miaka mingi ushuru wa maegesho ulikusanywa na kampuni za namna hiyo.

Kampuni haina mamlaka yake yenyewe. Haiwezi kuamka asubuhi ikapanga faini. Ikikusanya kwa niaba ya halmashauri, lazima iwe na mkataba, na kiasi inachotoza lazima kiwe katika sheria. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 138, inakataza kutoza kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa kufuata sheria. Halmashauri inatunga sheria ndogo. Sheria ndogo hiyo inaidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha inatangazwa katika Gazeti la Serikali. Humo ndimo viwango vinapoandikwa. Kwa hiyo mtu akisema elfu thelathini, una haki ya kuuliza: imeandikwa wapi?

Muulize pia ushuru au faini? Watu wengi wanavichanganya. Ushuru ni malipo ya kutumia mahali. Faini ni adhabu ya kosa. Ushuru mtu analipa hata kama hana kosa lolote. Faini haiji mpaka pawe na kosa.

Sasa tunafika penye hatari, na hapa ndipo kisomo chetu kinapotakiwa kufanya kazi.

Katika sheria ndogo nyingi kuna kifungu kinachoitwa kufifilisha kosa. Maana yake ni hii: mkosaji anakiri kosa kwa maandishi, anamlipia Mkurugenzi kiasi fulani, na jambo linaisha bila kwenda mahakamani. Kifungu hicho si kibaya. Mtu mwenye kosa anaokoa siku zake. Lakini angalia karatasi unayopewa. Unaambiwa, "Tia saini hapa upate pikipiki yako." Wewe una haraka, gari la mizigo linakusubiri, unatia saini. Kumbe karatasi imeandikwa: Mimi nakiri kwamba nimetenda kosa. Ukishakiri kwa mkono wako, kupinga baadaye ni kazi ngumu sana.

Basi soma. Soma polepole, hata kama nyuma yako kuna watu wanapiga kelele. Huoni vizuri? Mwite mtu unayemwamini akusomee. Usiweke dole gumba wala saini chini ya maneno usiyoyajua. Kama hukubali kosa, sema hukubali. Hapo mwenye kudai ndiye anayetakiwa kwenda mahakamani kuthibitisha, na wewe utasikilizwa. Haki ya kusikilizwa imo katika ibara ya 13 ya Katiba.

Lakini chombo unakihitaji leo, pengine umebeba mgonjwa. Unaweza kulipa bila kukiri. Lipa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba, na udai stakabadhi. Usitume fedha kwenye simu ya kijana yule. Fedha iliyoingia kwenye simu ya mtu haina ushahidi kwamba ililipwa halmashauri. Akikataa kutoa stakabadhi na kusema, "Toa elfu kumi tumalizane," hiyo inanuka rushwa. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Ukitoka hapo, andika mambo yote siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, jina la aliyekufungia, na majina ya walioona. Tazama kama palikuwa na kibao cha kukataza kuegesha. Mwenye simu ya kamera apige picha. Kisha andika barua. Si lazima iwe ndefu:

Mkurugenzi wa Manispaa,
Mpanda.

YAH: KUPINGA FAINI YA MAEGESHO

Mimi ni mkazi wa kijiji cha ........ Tarehe ........ saa ........ pikipiki yangu namba ........ ilifungwa mnyororo karibu na ........ na mtu wa kampuni ya ........ Nilitakiwa kulipa shilingi ........ Sikukubali kosa kwa sababu hapakuwa na kibao chochote cha kukataza.

Naomba nielezwe ni sheria ndogo ipi na kifungu kipi kilitumika. Kama faini haikuwa halali, naomba nirudishiwe fedha yangu. Nakala ya stakabadhi nimeambatanisha.

Andika nakala mbili. Peleka mwenyewe masjala, yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze. Stakabadhi halisi usiitoe, toa kivuli chake. Mweleze na Diwani wako. Yeye hukaa katika Baraza la Madiwani, na mkataba wa kampuni si siri kwake.

Mambo ni tofauti kidogo ukiegesha katika uwanja wa mtu, kama hoteli au duka kubwa. Pale hakuna sheria ndogo, kuna masharti ya mwenye uwanja, na kibao ndicho kinachosema. Huko Uingereza Bwana Barry Beavis, aliyekuwa akiuza samaki na chipsi, aliegesha gari mwaka 2013 katika uwanja mmoja mjini Chelmsford. Ruhusa ilikuwa saa 2 bila malipo. Yeye alizidisha dakika 56. Kampuni ya ParkingEye ikamdai pauni 85. Alipinga mpaka Mahakama ya Juu, na mwezi wa Novemba 2015 akashindwa. Sababu moja ilikuwa kwamba vibao vilikuwa vingi na vikubwa, kila mtu angeweza kuvisoma. Sisi tunaona huo ni uamuzi mkali kwa dakika 56, lakini unaonyesha uzito wa kibao. Kama kilikuwepo nawe ukakipita, lipa. Kama hakikuwepo, au kilifichwa nyuma ya mabanda, hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza.

Vijana wa bodaboda wametuuliza: pikipiki ni ya tajiri, nani aandike barua? Aandike dereva, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Mwenye chombo atoe kivuli cha kadi ya pikipiki kiambatanishwe. Na mpatane mapema, tena kwa maandishi, nani atabeba hesabu ya siku ambazo chombo kimelala kwenye mnyororo.