Sinema za Mlimani na Wachukuzi wa Mizigo

Siku hizi sinema imeingia mpaka katika nyumba zetu za Ngara na Biharamulo, kwa televisheni na kwa simu za mkononi. Watoto hutazama watu wakipanda milima ya theluji, wakashikwa na tufani, wengine wakafa. Twaona vema kuwakumbusha wazazi na walimu jambo moja: si kila aliyekuwako mlimani huonekana katika picha.

Mlima Everest, mpakani mwa Nepali na China, una meta 8,849, nao waipita Kilimanjaro yetu kwa karibu meta 3,000. Tarehe 10 na 11 Mei 1996 tufani kali iliwakuta watu waliokuwa karibu na kilele, wakafa wanane. Mwaka 2015 msiba huo ulionyeshwa katika sinema iitwayo "Everest", kazi ya Baltasar Kormákur wa Iceland. Ni picha ya kutisha, iliyotengenezwa kwa ustadi mwingi. Lakini hadithi yake yafuata makundi ya upande wa kusini, yaliyoongozwa na Rob Hall na Scott Fischer. Katika wale wanane, watatu walikuwa Wahindi waliopanda upande wa kaskazini. Walikufa kwa tufani ile ile, ila hadithi hiyo si yao.

Mwaka huo huo ilitoka picha nyingine, "Sherpa", ya Bibi Jennifer Peedom wa Australia. Washerpa ni kabila la Nepali. Ndio wachukuao mizigo na kufunga kamba na ngazi juu ya barafu, ili mgeni apate njia. Bibi huyo alikwenda kuonyesha kazi yao. Akiwa huko, tarehe 18 Aprili 2014, barafu iliporomoka ikaua wafanya kazi 16. Picha yake haikuishia kwenye maiti. Yaonyesha wenzao wakikataa kupanda tena, wakidai jamaa za marehemu watunzwe. Mtazamaji aelewa sababu ya hasira yao, maana amekwisha kuiona kazi yao.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, na majina yao yamo vitabuni. Je, ni wangapi wawezao kuwataja wapagazi wao? Hata leo wageni wa mlima huo huchukuliwa mizigo na wapagazi, na kanuni ya hifadhi ni kwamba mzigo wa mmoja usipite kilo 20. Mama wa vilima vya Ngara, apandaye mteremko wa matope na ndoo ya maji kichwani, hahitaji kufundishwa maana ya kilo hizo.

Basi, mtoto akitazama sinema ya namna hii, mwulizeni: Nani alichukua chakula? Nani alifunga kamba? Nani alikufa asitajwe jina? Azoeaye kuuliza hivyo mbele ya picha, hatakunywa maji nyumbani bila kumkumbuka aliyeyateka.