Chuo Kipi Bora: Cha Huku au cha Ng'ambo ya Mpaka?

Msomaji, Malaba ni mahali pa kumfunza mtu subira. Malori yenye shehena za bandari ya Mombasa hupanga foleni ndefu yakingoja kuingia Uganda, na madereva, wengi wao watu wetu wa pwani, huteremka wakanywa chai na kuzungumza ya nyumbani. Hapo ndipo dereva mmoja, baada ya sala ya alasiri, aliponikabili kwa swali ambalo halijanitoka moyoni.

"Maalim," alisema, "binti yangu ataka uhandisi. Huku kuna vyuo vikuu vya serikali, na ng'ambo viko. Kipi bora? Fedha ninazo za chuo kimoja tu. Nikikosea, sina za pili."

Ni swali zito, na zamani halikuwa na haja ya kuulizwa. Tangu 1963 hadi 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na mwanzoni kazi ziligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mwaka 1970 matawi hayo yakaachana, kila serikali ikabaki na chake.

Makerere, iliyoanzishwa 1922 na kuwasomesha Nyerere na Kibaki, iliumia sana zama za Amin, walimu wakakimbia. Dar es Salaam nayo, kwa taasisi yake ya Kiswahili ya tangu 1964, ikajipatia sifa ambayo sisi wapenzi wa lugha hatuwezi kuikana. Kisha yakaja mambo ya soko. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, Nairobi ikafuata 1998. Fedha ziliingia, lakini na madarasa yakafurika. Kwa hivyo jina la chuo ni kama jina la ukoo: laeleza ulikotoka, halielezi ulivyo leo.

Na hapa mpakani majina hayo makubwa hayapo. Upande wa Uganda, wilaya ya Busia, kuna Busitema, chuo cha serikali cha tangu 2007, kinachofundisha uhandisi na mitambo ya kilimo. Upande wa Kenya, karibu na mji wa Busia, kuna Alupe, kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2022. (Wengi wetu twapita Malaba kwenda Mbale, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa 1988, lakini hicho ni cha nchi za Kiislamu kwa jumla, si cha serikali moja.)

Nikamwambia: "Ndugu yangu, usiulize nchi, uliza somo. Kwanza, somo hilo lina walimu wangapi wa kudumu? Pili, karakana ina mashine ngapi zinazofanya kazi? Tatu, na hili ndilo kubwa, Bodi ya Wahandisi ya Kenya yaitambua shahada hiyo?"

Akashangaa. "Si twaambiwa Afrika Mashariki ni moja?"

Ni kweli kwamba mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya walitangaza eneo letu kuwa moja katika elimu ya juu. Lakini leseni ya kazi hutolewa na bodi ya kila nchi. Mtoto akisoma miaka minne, kisha akarudi nyumbani bodi ikamkataa, ubora wa chuo wamfaa nini? Na wangapi huuliza hayo kabla ya kulipa ada?

Foleni ikasogea. Dereva akainuka, akakung'uta kanzu yake. "Basi binti ataanzia kwa bodi," alisema, "nami nikipita Busitema nitaegesha gari, niingie karakana mwenyewe."

Sikuwa na la kuongeza. Mtu aliyeishi na injini miaka ishirini hadanganyiki kwa rangi ya ukuta.