Mlio wa "Tak!" Chini ya Kiti cha Foklifti

Dereva wa foklifti ya betri akizungusha ufunguo, husikika mlio mmoja mkavu: tak! Ni kontakta imeshika. Koili yake imepata umeme kidogo ikageuka sumaku, ikavuta chuma chenye ncha za aloi ya fedha, na njia ya kutoka kwenye betri hadi kwenye mota ikaungana. Bila mlio huo mashine haitoki ghalani. Hata hivyo, kontakta inayogoma kushika ina nafuu kuliko iliyogandana. Ncha zikishachomeleana, kidhibiti cha mota kikiharibika hakuna cha kukata umeme ila dereva awahi kuchomoa plagi ya betri.

Kwa nini zigandane? Umeme wa ukutani hapa kwetu, wa hezi 50, hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche inayozuka swichi ikiachia hupata mwanya wa kuzimika. Umeme wa betri haupumziki. Ncha zikianza kuachana, hewa iliyo katikati yenyewe inakuwa waya, na moto wa maelfu ya nyuzi unawaka hapo. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 tu! Ndiyo maana kontakta nyingi za betri huwekewa sumaku za kudumu ubavuni, zinazousukuma moto huo pembeni, ukavutika, ukapoa, ukakatika. Albright, watengenezaji wa Uingereza, huzitambulisha za aina hiyo kwa herufi B, kama SW180B. Lakini angalia: mwelekeo wa msukumo hutegemea mwelekeo wa umeme. Ukigeuza chanya na hasi, sumaku ileile itausukuma moto kusikotakiwa. Na kontakta ya pampu ya maji, iliyotengenezwa kwa umeme wa ukutani, usiipachike hapa hata kama inaenea.

Kuna balaa lingine, nalo huja wakati wa kushika. Ndani ya kidhibiti cha mota mna kapasita. Zikiwa tupu hufyonza umeme kwa pupa, na ncha zinaungua papo hapo. Rezista ndogo huzijaza polepole kabla ya "tak". Ikikatika rezista hiyo, kontakta mpya nayo itagandana. Fundi anayebadilisha kontakta bila kuipima rezista amekuuzia kazi nusu.

Unaponunua, soma volti zilizoandikwa kwenye koili ya zamani, usikisie kwa kutazama betri. Betri ya risasi ya volti 48 ina seli 24 za volti 2, lakini baadhi ya vidhibiti hupunguza umeme unaokwenda kwenye koili, hivyo koili yaweza kuwa ya volti 24. Koili hiyohiyo ukiiunga moja kwa moja kwenye volti 48, mkondo unakuwa maradufu na joto mara nne. Utainusa kabla hujaiona.

Weusi kwenye ncha usikutishe, na tupa iache sandukuni: unakwangua fedha uliyoilipia. Chomoa betri, toa chaji iliyobaki kwenye kapasita, fungua nyaya nene, kisha pima kwa mita kati ya skrubu mbili kubwa. Mita ikionyesha njia ilhali koili haina umeme, kontakta hiyo imekwisha.