Fahamu: Mthamini wa nyumba Likasi, nani aliyemthibitisha?

Anayeuza nyumba Kikula au Panda, huko Likasi, Kongo (DRC), hukutana na mtu anayeitwa mtaalamu. Anapima kuta, anahesabu vyumba, anataja bei kwa dola. Ni nani aliyemthibitisha, na elimu yake ni ya lini?

Kenya wana jibu. Chini ya Sheria ya Wathamini, Sura ya 532, mthamini husajiliwa na bodi; hutakiwa pia kuhuisha kibali cha kazi kila mwaka na kuonyesha kwamba anaendelea kusoma. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2016. Masomo ya kuendelea si urembo: bei za viwanja hupanda na kushuka, na mthamini wa zamani anaweza kukupa bei ya juzi.

Kongo, tofauti huanza kwenye ardhi yenyewe. Chini ya sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha uandikishaji kutoka kwa mhifadhi wa hati. Kwa hiyo mthamini mzuri huanza na karatasi kabla ya kugusa ukuta. Nyumba nzuri isiyo na cheti (na Likasi, mji uliojengwa na kampuni ya madini, karatasi za zamani zina mikunjo mingi) bei yake ni ya mdomo tu.

Kabla ya kumlipa, mwombe ripoti iliyoandikwa: tarehe, njia aliyotumia, nyumba alizolinganisha, na sahihi yake.